Sketi ya Mfano ya Fundi Smati

Mama yangu mdogo ni fundi cherehani, na wateja wamempa jina Smati, kwa sababu nguo ikitoka mikononi mwake hukaa mwilini kama umezaliwa nayo. Sketi za watoto huziachia pindo pana ndani, akalishika kwa uzi mwekundu, ili mtoto akirefuka mama aone pa kufumua. Fundi mwingine wa hivyo sijamwona.

Meza yake ni moja na ya shoga yake tunayemwita Mlingoti kwa urefu wake. Pasi moja, mkasi mmoja. Shule ilipotafuta mshonaji wa sare, mama mdogo alishona sketi ya mfano, akampa Mlingoti aipeleke, maana yeye ndiye mwenye maneno. Kazi ile ingewatoa kibarazani wakapange chumba. Mlingoti alirudi na jibu: "Wanajadili, shoga. Tuvute subira."

Jana nilimpeleka mwanangu kupimwa uzito. Mbele yangu binti wa shule aliinama kufunga kiatu, pindo la sketi yake mpya likageuka. Pana. Uzi mwekundu.

"Nani kashona?" nikamuuliza mama yake.

"Yule mrefu, Mlingoti. Anashonea kwake. Kachukua shule nzima."

Nikaenda kibarazani moja kwa moja, mtoto mgongoni. Nikamkuta mwalimu mstaafu anapimwa suruali huku anafundisha asili ya jina Smati.

"Kwa Waingereza wa kale smati ilikuwa maumivu, kitu kinachochoma kama kiboko. Ikaja kuwa ukali, wepesi, kisha akili. Kuvaa vizuri kumekuja baadaye sana. Siku hizi hata simu ni smati!"

"Kumbe wananiita kiboko!" mama mdogo akacheka.

"Mimi nilijua zamani unachoma, shoga," Mlingoti akamgonga bega.

Kicheko kile kilinishinda. Mwalimu alipoondoka nikamnong'oneza mama mdogo. Akatoa pini mdomoni, moja moja.

"Shoga, za shule zimefikia wapi?"

"Bado wanajadili."

"Bado?"

"Haki ya Mungu, bado."

Mama mdogo alifunika cherehani jua likiwa bado kali, akanipokea mtoto.

"Twende nyumbani, mwanangu."

Mlangoni tu ndipo aliposema, "Angeniambia anaitaka kazi ile peke yake, vitambaa ningemkatia mimi."