Kiitikio Kilichobaki Nje ya Uzio

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa karatasi niandike tangazo la kusomwa kwenye gari la matangazo. Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, kwamba kutakuwa na tamasha la bure la muziki uwanjani, Morogoro mjini, na wote mnakaribishwa. Mratibu Mkuu, mzee mkavu aliyefundisha kwaya kabla ya kuja kwenye kituo chetu cha sanaa, alilisoma, akachukua kalamu, akakata neno moja.

"Bure ni kitu cha kuokota," akaniambia. "Andika hakuna kiingilio."

Niliona ananionea. Nilikuwa binti niliyetoka chuoni na cheti kipya, nikidhani nimekuja kupanga muziki, si kukatwa maneno. Ilinichukua muda kuelewa kwamba yule mzee alikuwa akinifundisha kuwaheshimu watu wasiolipa.

Tamasha lisilo na kiingilio linaishi kwa kuomba. Kwanza unaomba kibali, yaani ruhusa ya kutumia uwanja na kupiga muziki. Kisha viti, nusu kanisani na nusu msikitini, na unavirudisha vimefutwa vumbi, la sivyo mwakani hupati. Unaomba maturubai, kwa sababu mawingu ya milima ya Uluguru hayasomi ratiba. Unaomba nyumba za jirani zikuwekee maji ya kunywa. Mitambo, ndiyo maspika na vipaza sauti, nayo unaiomba, na fundi wake unamwomba asizidishe sauti. Mwaka ukiisha unaanza upya, kwa watu walewale, na lazima uwe na uso wa kuwatazama. Niliifanya kazi hiyo karibu umri wangu wote, na sijui kama niliwahi kuizoea.

Vikundi vya ngoma vya milimani havikualikwa kwa barua. Hilo Mratibu Mkuu alilishikilia kuliko yote. Ninyi mnaotuma ujumbe wa simu mkiwa mmelala kitandani mtacheka, lakini sisi tulipanda mpaka Matombo, gari likikwama tunashuka, na sehemu ya mwisho tunakwenda kwa miguu kati ya migomba. Ukifika unaamkia, unakaa, unakula ndizi ulizopewa. Shida iliyokuleta unaisema mwisho.

Huko ndiko nilikomfahamu Mzee Kobelo. Alikuwa mwimbishaji, yaani mtu anayetoa mstari wa wimbo, na wenzake wakaupokea. Wanaopokea ndio waitikiaji, na sehemu yao ndiyo kiitikio. Wakati vijana wake wanazipasha ngoma moto ili ngozi zikaze, yeye alikaa pembeni kimya, akitunza koo. Akisimama kuimba, hata muuza karanga aliacha kupima.

Baada ya miaka kadhaa nilipelekwa Gairo kuanzisha tamasha dogo kando ya soko. Msimamizi wa kule alinizuia kuwasha kipaza sauti kabla wakulima hawajamaliza kuuza mahindi yao. Alisema mtu mwenye gunia ambalo halijanunuliwa hasikii muziki. Nilijifunza mengi kwake. Niliporudi Morogoro, mzee wangu alikuwa amestaafu, na kiti cha Mratibu Mkuu nikapewa mimi.

Mwaka mmoja alijitokeza mfadhili. Alikuwa tayari kutupatia jukwaa jipya na mitambo ambayo sikuwahi kuigusa. Sharti lake lilikuwa utaratibu, ndilo neno alilolitumia. Uwanja uzungushiwe uzio wa mabati, watu waingie kwa mikanda ya mkononi itakayogawiwa mapema, na mbele wakae wageni waalikwa. Mwenyekiti wa kamati yetu aliniuliza kama naona tatizo. Nilimjibu kwamba kiingilio bado hakipo, kwa hiyo sioni tatizo lolote. Nilikuwa nimechoka kuomba, vijana. Naliandika hili lilivyo, nisije nikasingizia watu.

Walinzi wa lango walihitaji orodha ya wasanii. Kwa kundi la Matombo niliandika mwimbishaji na wapiga ngoma wake, watu tisa. Siku yenyewe lilikuja lori limejaa akina mama na wazee kama kawaida yao, wakiongozwa na Mama Agata, dada yake Mzee Kobelo. Nilikuwa kwenye mitambo nilipopigiwa simu kutoka langoni, naulizwa hawa wengine waingie au vipi, maana mikanda imekwisha. Nikasema waingie walio kwenye orodha, wengine watasikia wakiwa huko nje. Sikunyanyuka kwenda kuwaona.

Mzee Kobelo alipanda jukwaani. Ngoma zikalia vizuri kuliko mwaka mwingine wowote, maana mitambo ilikuwa mizuri kweli. Akatoa mstari wa kwanza. Hakuna aliyeitikia. Wageni wa mbele walikuwa wametulia kwa adabu, wakisubiri aendelee. Akautoa tena, akawa ameinamisha kichwa kusikiliza. Wageni wakapiga makofi. Mzee akainua mkono, ngoma zikanyamaza, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Wenzangu umewaweka wapi?" akauliza, na kipaza sauti kikalipeleka swali lake uwanja mzima.

Nilitazama langoni. Alishuka taratibu, vijana wakabeba ngoma zao, wakatoka.

Jambo la kufanya nililijua. Ilinipasa nipande Matombo wiki ileile. Badala yake niliandika barua, nzuri tena, yenye mhuri, na haikujibiwa. Mwaka uliofuata niliukataa uzio, mfadhili akaondoka na jukwaa lake, tukarudi kwenye viti vya kuomba. Nikajiambia nimekwisha kutubu. Matombo hawakuja. Mwaka wa pili hawakuja, nami nikapata sababu nyingine ya kutopanda. Ilikuwa aibu tu, na aibu yangu niliipa majina mengi ya kiofisi.

Nilipanda mwishowe, zikiwa zimebaki wiki chache nistaafu. Nilimkuta Mzee Kobelo amekaa kibarazani. Nilimwamkia, akaitika kwa mnong'ono, nikafikiri ana mafua. Mama Agata ndiye aliyenieleza kwamba koo lilimuuma muda mrefu, akatibiwa, akapona, ila sauti haikurudi. Sikuweza hata kuonja ndizi zilizoletwa. Niliomba radhi palepale, kinyume na taratibu zote nilizofundishwa, nikilia.

"Nilikusamehe zamani, mwanangu," mzee alisema, na ikabidi nisogee ndipo nimsikie. "Ila ungekuja wakati ninaweza kukuimbia."

Wapo watakaosema koo na lango ni mambo mawili tofauti. Najua. Lakini miaka miwili ambayo angeweza kuimba, mimi ndiye niliyeipoteza, na hakuna hafla ya kuagwa itakayonirudishia. Nikiulizwa na waliochukua nafasi yangu tamasha hudumu kwa njia gani, huwaambia waombe viti mapema na wawahi kuomba msamaha.

Katika tamasha langu la mwisho lile lori lilikuja. Uwanja ulikuwa wazi pande zote. Mama Agata ndiye aliyepanda kuimbisha, na kaka yake alisimama chini kwenye nyasi, katikati ya waitikiaji, mahali ambapo sidhani kama aliwahi kusimama tangu ujana wake. Nikamkabidhi msaidizi wangu ratiba, nikaenda kusimama karibu naye. Mama Agata akatoa mstari. Watu wakaitikia, waliotoka mlimani na wa mjini, na midomo ya mzee ikaenda pamoja nao bila sauti. Ndipo nilipotambua kwamba katika miaka yote ile sikuwahi kuitikia hata wimbo mmoja. Siku zote nilikuwa natazama saa.

Nikafungua kinywa. Mzee akanisikiliza mstari mmoja, wa pili, kisha akanivuta mkono niiname.

"Unachelewa kuitikia," akaninong'oneza.

Nikamwambia ni kweli, mzee, kisha nikaitikia tena.