Pirogi ilimngoja mume wangu

Leo nimechelewesha pirogi nzima, mtumbwi uliojaa watu, kwa ajili ya marehemu mume wangu.

Treni ya Ubundu ilifika hapa gare, stesheni ya Lubunga, tukashuka hadi majini kuvuka mto kwenda mjini.

Papa, mzee mwenye pirogi, alikuwa amekimbia vita, amerudi juzi tu. Hakuwa na habari ya kifo. Zamani mume wangu alikuwa akibaki nyuma kuwashushia wamama mizigo, na Papa alikuwa akimwekea nafasi.

"Mama, tonton iko wapi?" Papa akaniuliza, akimtaka mume wangu.

"Anakuja."

Mdomo ulijibu wenyewe, kama siku zote.

Papa akamwambia mama mmoja aondoe beseni lake la samaki, nafasi ibaki wazi. Tukangoja.

"Bon, huyo tonton anatembea na magoti?" yule mama wa samaki akauliza.

Watu wakacheka. Hata mimi, kidogo.

Kisha nikasema, "Papa, twende tu. Alikufa mu vita."



Papa akamwashiria yule mama arudishe beseni.

"Hapana. Iache vile," yule mama akasema.

Akalipakata beseni mpaka ng'ambo, maji ya samaki yakimlowesha kitenge.

Sikulia.

Ninyi mliofiwa, midomo yenu ilizoea lini kusema "alikufa"?