Mchana Tuliojificha Kidimbwini

Mume wangu alipoitwa Kismayu, mwanangu wa kiume alikuwa na miezi minne na dada yake alikuwa ndio anaanza mwaka wa tano. Mume wangu alikuwa fundi wa mashua. Wataliani walisema wanamtaka bandarini atengeneze boti zao, kwa siku ishirini tu. Siku ishirini zikapita, na nyingine ishirini juu yake. Sisi wa kisiwa cha Koyama tulikuwa tumekwisha kusikia kwamba wanaume wanaoitwa kwa kazi ya mjini hupelekwa mashamba ya mto Juba, wakang'oe visiki na kuchimba mifereji, na kwamba homa ya huko haichagui. Hakuna aliyeniambia waziwazi. Watu walikuwa wakinyamaza nikipita, nami nikajua wanazungumza nini.

Kaskazi ilikuwa imekaza. Nyumbani nilikuwa na watoto wawili, mavyaa wangu, mama yake mume wangu, aliyevimba miguu asiweze kuvuka kizingiti, na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye alikuwa hajaolewa. Kisima cha karibu kiliingiwa na chumvi, ikawa maji ya kunywa tunayafuata mwisho wa kisiwa alfajiri, kabla mchanga haujaanza kuunguza nyayo. Nikirudi nilimnyonyesha mtoto, nikamkanda mavyaa miguu, nikapika, nikaanika samaki, kisha nikasuka ukili mpaka vidole vikafa ganzi. Kila kazi niliifanya huku sikio langu liko nje. Mtu akipiga hodi, niliacha nilichoshika.

Lakini joto lina mambo yake, na hata mwenye hofu hutaka kupoa. Tulikuwa na vijistarehe vyetu. Wifi aliloweka ukwaju ndani ya mtungi mdogo, tukanywa kikombe kimoja kwa zamu baada ya adhuhuri, na mavyaa akasema kila siku kwamba umezidi ukali, kisha akaomba tena. Na siku za bamvua, maji yakipwa sana, tulikwenda kuoga upande wa bahari kuu. Kule kulikuwa na kidimbwi katikati ya miamba, maji yake maangavu, chini mchanga mweupe. Upande mmoja mwamba uliinama juu yake kama paa, na kivuli chake kilikuwa baridi hata saa saba mchana.

Siku ninayoikumbuka, mimi sikutaka kwenda. Mtoto alikuwa amekesha akilia.

"Nendeni," mavyaa akasema. "Amelala sasa, na huyu dada yake nitamfundisha kusuka. Mtu hawezi kukaa na uchungu kutwa nzima, atavunda."

Tukaenda. Tulijitosa na leso zetu, tukakaa maji yakitufika kifuani. Wifi alilaza kichwa kwenye mwamba akafumba macho. Nakumbuka nilihesabu pumzi zangu, na kwa mara ya kwanza tangu mume wangu aondoke, zilikuwa zinakuja polepole.

Kisha tukasikia mashine.

Kisiwani kwetu hapakuwa na mtu mwenye boti ya mashine. Ilikuwa ya serikali tu. Ilitokea nyuma ya rasi, na badala ya kwenda kijijini ikageukia pale tulipokuwa. Nilijua kwa nini: maji yalikuwa yamekupwa mno, isingeweza kufika gatini mpaka yajae kidogo. Wifi alitaka kukimbia. Nikamshika mkono. Kutoka pale hadi kwenye vichaka palikuwa na mchanga mtupu, na sisi tulikuwa na leso zilizolowa zikitugandama mwilini. Tukasogea chini ya ule mwamba, tukabana pembeni kabisa, vichwa tu juu ya maji.

Walishuka watatu. Mtaliani mmoja, mwenye makaratasi ndani ya mfuko wa ngozi. Askari wake, Msomali, na bunduki. Na mwendesha boti, ambaye kwa kikoi chake na namna alivyotia nanga nilimjua ni Mbajuni mwenzetu. Hawakuwa mbali. Nilimsikia askari akikohoa.

Mtaliani aliketi mchangani, akavua viatu, akavua shati, akaingia majini. Alikuwa kijana tu, shingo nyekundu kwa jua, mgongo mweupe. Alijimwagia maji kichwani kwa viganja akicheka peke yake. Kisha akamenya chungwa, akalila amesimama ndani ya maji, akitema mbegu. Nilimtazama nikamchukia kwa sababu alikuwa anastarehe kama sisi tulivyokuwa tukistarehe dakika chache nyuma.

Maji yalianza kujaa. Yalinifika begani, kisha shingoni. Wifi alikuwa mfupi kuliko mimi, nikamshika kiunoni nimnyanyue. Matiti yaliniuma kwa maziwa, na nikajua mtoto ameamka. Nilianza kusoma kimoyomoyo kila sura niliyoijua, nazo zikanitoka, nikawa narudia aya moja.

Mwendesha boti akazunguka mwamba kutafuta pa kujisaidia. Akainama kupita, akatuona.

Tulitazamana. Wifi akaniuma bega asipige kelele. Yule mtu alikuwa mtu mzima, ndevu zimeanza mvi. Akageuza uso haraka, akafunga vizuri kikoi chake, kisha akasema kwa Kibajuni, kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe:

"Wanakuja kuandika wanaume. Wenye akili wataenda kuwaambia wenzao."

Akarudi kwa Mtaliani. Nilimsikia akimwambia askari kwa Kisomali kwamba maji sasa yanatosha, boti itapita. Hayakuwa yanatosha. Sisi tuliozaliwa pale tulijua bado, nikaelewa kwamba anawaondoa ili sisi tutoke. Askari akamfasiria Mtaliani, Mtaliani akavaa viatu bila kufuta mchanga, wakaondoka, na mara mbili tukaisikia boti ikikwaruza chini.

Tulikata kisiwa kwa mbio. Wifi alipitia upande wa mashua zinakojengwa, mimi nikapita kati ya nyumba nikisema mlangoni tu, "Wanakuja kuandika wanaume," na kuendelea. Waliosikia mapema waliingia mikokoni. Wengine walikuwa wamelala usingizi wa mchana, na wengine walisema hawajakosa kitu, wajifiche kwa nini.

Nilipofika kwetu mavyaa alikuwa ameketi kizingitini, mtoto mapajani akilia. Alinitazama leso inayochuruzika, akanipa mtoto, akasema, "Ingia ndani ukavae."

Walikuja baada ya muda si mrefu. Nilisimama nyuma ya mlango, mtoto ananyonya, nikaomba asinyanyue uso akalia. Binti yangu alikuwa amenishika leso kwa mikono miwili.

"Mwanamume wa nyumba hii yuko wapi?" askari akauliza kwa Kisomali.

"Mnaye nyinyi," mavyaa akajibu kwa Kisomali hichohicho.

Askari akamfasiria Mtaliani. Mtaliani akapekua makaratasi, akaweka alama, akapita nyumba ya pili. Mavyaa hakuondoka kizingitini mpaka boti ilipong'oa nanga. Nilipomsaidia kuinuka, mikono yake ilikuwa ya baridi kama ya maiti.

Walichukua wanaume sita. Wanne walirudi.

Mume wangu alirudi mwaka uliofuata, mvua za kwanza zimekwisha kunyesha. Bandarini alikaa siku tatu tu, kisha akapelekwa mtoni. Alikuwa amekonda, macho ya manjano, na homa ilimjia kila baada ya siku mbili. Alikuja asubuhi, wala sikumtambua mpaka alipotoa salamu. Mavyaa alimpapasa uso kama kipofu. Mtoto wa kiume alikubali kupakatwa, kwa kuwa hakumjua baba wala hakumkosa. Binti yangu ndiye aliyemkimbia. Siku tatu alikula chakula chake nyuma ya nyumba, na usiku alitaka nilale kati yake na yule mgeni. Mume wangu hakumlazimisha. Alikuwa akiketi uani na kipande cha mti, akijaribu kukichonga, kisu kikimponyoka.

Siku ya nne nilikuwa jikoni nakuna nazi nilipomsikia binti akisogea, akasimama mbele ya baba yake na kumuuliza anaitwa nani. Nikaacha mbuzi ya kukunia, nikasikiliza. Mume wangu akamtajia jina lake taratibu, pamoja na la baba yake na la babu yake, kama mtu anavyojitambulisha kwa watu asiowajua.