Nyumba ya Ndovu Sichori

Kazi yangu ni kuchora ramani za majumba, na tangu nianze kazi hapa Maskati nimekataa kuchora nyumba moja tu. Aliyeitaka ni ami yangu, mdogo wake baba, aliyenilea tangu baba alipofariki. Watu wa kwetu wanasema nimemvunjia heshima. Na waseme.

Alikuja Ijumaa moja baada ya sala, nyumbani kwetu, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos. Tulikuwa tumekwisha kula wali, mama anamimina kahawa. Ami ana shamba nje ya mji, na alikuwa anataka kuligeuza bustani ya wanyama, watu wa mjini wawe wanakwenda na watoto wao. Swala keshawapata, mbuni keshawapata. Akanigeukia mimi, akasema kilichobaki ni kazi yangu. "Nataka unichoree nyumba ya tembo."

Sasa, ami kazaliwa Tabora, na tembo kwake ni yule mnyama mwenye mkonga. Mama ni mtu wa Unguja, na kwao Unguja mnyama ni ndovu. Tembo ni ulevi wa mnazi. Mama akaliweka dele la kahawa chini kwa kishindo. Shemeji yake, haji mzima, siku ya Ijumaa, anataka kufungua nyumba ya ulevi na kumtia mwanawe dhambini! Akamshushia maneno mpaka ami akakosa pa kushika. Mimi nilicheka hadi machozi, ndipo nikamwambia mama kuwa anayesemwa ni ndovu.

Mama akalinyanyua tena dele. "Basi afadhali hiyo ya ulevi," akasema. "Mlevi huingia kwa miguu yake, na akitaka hutoka."

Ami hakucheka. Alitoa simu akanionesha picha alizozipenda: kuba, matao, nakshi, minara pembeni. Tembo wake ataishi kama mfalme, alisema. Hapo damu ikanipanda, maana majumba yale nnayajua, niliyasoma chuoni. Wazungu walipoweka ndovu katika bustani za miji yao, waliwajengea majumba ya fakhari: huku mfano wa hekalu la Kihindi, huku la Kimisri, na mji mmoja wakamjengea ndovu nyumba yenye kuba na mnara, ungedhani msikiti. Watu wakilipa kiingilio kwenda kushangaa. Ndani je? Sakafu ngumu, mnyororo mguuni, na mnyama anayumbisha kichwa kutwa, huku na huku, kama mtu aliyefiwa. Nakshi zote zile zilikuwa za watazamaji. Leo bustani kadhaa huko zimeacha kabisa kufuga ndovu, na sisi ndio kwanza tunataka kuanza. Jamani, hata haya hatuna?

Nilimweleza yote hayo kwa adabu. Akasema nisimwonee uchungu wa gharama, tembo hashindwi na mkonga wake. Nikamwambia gharama si neno, hii ni dhuluma. Hapo akakasirika kwelikweli. Akanikumbusha nani aliyenipeleka skuli, akanionya kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Litakalovunjika ni guu la ndovu, ami," nikamwambia, "juu ya saruji yako."

Mama akanikata jicho, lakini hakunikataza. Nilidhani ami ataondoka. Wapi, akabaki pale pale, sauti ikamlegea, akaanza kusimulia utoto wake. Siku moja babu yangu, yaani baba yake, alikuwa kampakia garini, wakakuta tembo wanakata njia, wakubwa kwa wadogo, na babu akazima gari wakakaa wanawatazama mpaka wakaisha. Tangu aletwe Omani, alisema, hajaona tena kitu kilichomjaza moyo namna ile. Wajukuu zake wamekulia baina ya kiyoyozi na simu.

"Nataka waone nilichokiona mimi kabla sijafa," akasema. "Hata hilo nna kosa?"

Roho iliniuma, sikatai. Nnampenda ami yangu, na sijapata kumwona akikaribia kulia. Nusura nimwambie haya, nitachora. Lakini nilijua nikinyamaza tu, basi nimekubali, na kuna mnyama atasimama juu ya ukimya wangu maisha yake yote.

"Ulichokiona wewe kilikuwa kinakwenda zake," nikasema.

Ami akaweka kikombe chini, akanyanyuka, akavaa viatu vyake akatoka. Idi imepita hakuja, na simu zangu hapokei. Nasikia kapata mchoraji mwengine, huko mtaa wa Hamriya. Siku akinifungulia mlango nitaubusu mkono wake, na radhi ya kila kitu nitamwomba. La ndovu siombi.