Maktaba Mbili Zinazongojana

Fundi wa kompyuta wa parokia hupuliza vidole kabla ya kugusa kibodi, kama mtu anayekata ugali wa moto. Nyuma yake Maman Védastine ameshika rozari, akingoja kusikia wimbo aliourekodi mumewe kabla ya kufia vitani Kongo. Programu ya kuupiga inahitaji vipande viwili, fundi huviita maktaba, na kila kimoja hakijengeki bila kingine.

"Ni kama bachumba benye haya, Maman. Kila mmoja anangoja mwenzake aingie kwanza."

Basi anaijenga maktaba ya kwanza ikiwa pungufu, bila sehemu inayoidai ya pili; juu yake anaijenga ya pili; kisha anairudia ya kwanza, safari hii nzima. Anapuliza vidole, anabonyeza, anageukia dirisha. Kwenye rekodi mume wa Védastine anakohoa, kama kawaida yake, ndipo anaimba.

"Papa," Védastine anamwambia fundi polepole, "rudisha pale anapokohoa."