Maharagwe ya Shamba la Juu

Shamba letu la juu, kule Magwagwa, lina udongo mwekundu usioona haya kumnyima mtu. Mahindi yakifika magotini, majani huanza kugeuka zambarau pembeni, na maharagwe ya kununua sokoni hudumaa, yakazaa maganda mawili matatu, basi. Sababu naijua. Mimi ni mwalimu wa kilimo katika shule ya sekondari upande wa Kenyenya, na kila mwaka nasimama mbele ya darasa kueleza kwamba fosforasi ni madini yasiyopenda safari. Udongo mwekundu wenye asidi huyashika yasitoke, na hayo machache yanayopatikana hukaa karibu na uso wa ardhi. Kwa hiyo mmea unaojua kujitafutia, nawaambia, haukimbilii chini. Hutandaza mizizi yake kando kando, karibu na juu, na kuiotesha vinyweleo vingi. Huwa nauchora ubaoni, na nisijifiche, nachora vizuri.

Mama hakuwahi kuniuliza habari za fosforasi. Alikuwa na maharagwe yake, madogo, meusi, yenye doa jeupe, aliyopewa na mama mkwe wake alipoolewa, na hayo ndiyo pekee yaliyomlisha kutoka shamba lile. Majirani waliyaacha zamani wakafuata mbegu mpya zinazoiva haraka. Kisha msimu mmoja mvua ya mawe ikayapiga yakiwa na maua, akabaki na mkebe mmoja. Mwezi wa tatu uliofuata akaupanda wote, hakubakisha hata punje, kwa maana mbegu ilikuwa inazeeka na wadudu walikuwa wameshaionja. Ikipotea hii, aliniambia, imepotea, hakuna mtu wa kumwomba nyingine.

Likizo ya Aprili nilimkuta akifunga nguo zake. Dada yake wa Keumbu alikuwa amefiwa, na mama alikuwa anakwenda kukaa naye wiki moja. Aliniachia ng'ombe na kuku. Shamba hakulitaja.

Sasa lazima niseme jambo kuhusu sisi. Mtu wa mshahara akirudi nyumbani, kijiji kizima kinamtazama mikono. Mashamba yetu yamelala kwenye miteremko, kwa hiyo watu wa kilima cha pili wanakuona ukiinama na wanakuona ukipumzika. Anayekwangua udongo juu juu huchekwa kwamba anamkuna ng'ombe mgongo. Mkulima ni yule ambaye jembe lake linazama mpaka shingoni. Nilipanda mteremko mpaka shamba la juu nikakuta magugu katikati ya maharagwe, nikakuta pia mistari michache ambayo mama alikuwa amepalilia kwa vidole na ncha ya panga tu. Nikamhurumia. Nikasema goti lake linalouma limemshinda, nikachukua jembe.

Nililima kweli. Mama mmoja jirani, akichuma majani chai ng'ambo ya kijito, akapaza sauti, "Mwalimu! Kumbe bado uko na nguvu!" Maneno hayo yakanimaliza. Nikazamisha jembe zaidi, nikipita karibu kabisa na mashina, na hata mistari ya mama nikairudia. Siku ya tatu viganja vilikuwa malengelenge matupu, nikaiacha mistari minne ya chini iliyopakana na majani ya ng'ombe. Nilijiambia nitaimalizia baadaye.

Jua likawaka siku tatu mfululizo. Mama aliporudi, maharagwe yalikuwa yamelala chini na maua yanapukutika. Alipanda mteremko polepole na fimbo yake, akasimama, akatazama kwa muda mrefu.

"Tata," akasema, kwa maana mama zetu huwaita wana wao hivyo, baba, kwa mapenzi. "Ni nani amelima hapa?"

"Ni mimi, mama."

"Ulikuwa unatafuta nini huko chini?"

"Nilikuwa nalainisha udongo."

Aliung'oa mmea mmoja, akanitia mkononi. Mizizi yote ya kando ilikuwa imekatwa sawasawa, kulia na kushoto. "Maharagwe haya yanakula hapa juu," akasema. "Ndiyo maana napalilia kwa vidole. Sikukwambia, kwa sababu nilijua ndiyo kazi unayofundisha."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Nilikuwa nimeshika mkononi ule mchoro wangu wa ubaoni, ukiwa umekatwa na jembe langu mwenyewe, na niliona aibu ambayo sijawahi kuona mbele ya mtu yeyote. Ningeweza kumweleza habari za asidi na madini.

Ikabaki ile mistari minne, iliyookolewa na uvivu wangu. Kila Jumapili nilitoka Kenyenya kwenda kuipalilia kwa vidole, nikiwa nimepiga magoti, na watu wa kilima cha pili wakacheka walivyotaka. Mwezi wa saba tulivuna kikombe kimoja na kitu. Hakuna aliyethubutu kutaja kupika.

Mvua za vuli zilipokaribia, goti la mama lilikuwa limekataa kabisa. Alijikongoja mpaka ukingo wa shamba, akakaa kwenye kigoda, akaniambia nikinge mikono. Akamimina kikombe chote, akakigonga kitako punje ya mwisho itoke.

"Yote, mama?" nikamuuliza. "Si tuweke kidogo ndani, ikitokea nimekosea tena?"

"Nikiweka," akasema, "utapanda ukijua kwamba sikuamini."

Alinishika bega ili ajiinue, akageuka, akaanza kushuka kwenda nyumbani bila kutazama nyuma. Nilipiga magoti nikaanza mstari wa kwanza.