Sukari Naweza, Moshi Siwezi

Juzi nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja hapa Bagamoyo, mlango wa daktari uko wazi. Ndani mama mkaanga samaki alikuwa anahema kama aliyekimbizwa.

"Mapafu yana makovu, mama," daktari akamwambia. "Askari wa mwili wanameza masizi ya kuni, wanashindwa kuyasaga. Wanazidi kuchoma sukari wapate nguvu ya kupigana, na vita hiyo ndiyo inayoacha makovu."

Mama akashika kifua. "Basi naacha sukari, mwanangu."

"Sukari haina kosa. Acha moshi."

Akakaza kanga kiunoni.

"Sukari naweza. Moshi ndio unaolisha wajukuu."

Daktari akaandika dawa.

Nyumbani nilikuta samaki wa kukaanga, wamefungwa kwenye gazeti hili hili unalosoma. Nikala.